Swali la Kale Katika Mtihani Mpya: Jinsi LSAT Inavyohesabiwa

Kila mmoja wetu aliyepitia Exetat anakumbuka zile wiki za kutafuta maswali ya miaka iliyopita: nani anayo, nani ataazimisha, wapi pa kutoa fotokopi. Tuliamini kwamba swali la kale laweza kurudi. Huko Marekani kuna mtihani ambao watunzi wake hutumia maswali ya kale waziwazi, tena kwa kanuni. Ni LSAT, mtihani wa wanaotaka kuingia vyuo vya sheria. Makala haya yanaeleza alama zake zinavyopatikana na nafasi ya maswali ya kale katika hesabu hiyo. Jambo hili linatugusa sisi wa lugha, kwa sababu LSAT haimuulizi mtu sheria hata kidogo. Inapima anavyosoma na anavyopima hoja.

Kutoka majibu hadi alama

LSAT ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1948. Tangu Agosti 2024 ina sehemu 4 za maswali ya kuchagua jibu, kila moja ya dakika 35. Tatu huhesabiwa: mbili za hoja za kimantiki na moja ya ufahamu. Ya nne haihesabiwi, na tutairudia.

Kila jibu sahihi ni alama 1. Kosa halipunguzi kitu, kwa hiyo kuacha swali wazi ni hasara tupu. Jumla hiyo ni alama ghafi. Kisha hubadilishwa kuwa alama ya kipimo kati ya 120 na 180, kipimo kinachotumika tangu 1991. Aliyekosa maswali yote hupata 120. Hakuna alama ya kufaulu wala ya kuanguka: kila chuo huamua chenyewe, kikitazama pia matokeo ya mwombaji ya chuo kikuu.

Kwa nini alama ghafi haitoshi? Kwa sababu karatasi mbili hazilingani kamwe kwa ugumu. Tuchukue mfano wa kubuni: karatasi ya Juni ni ngumu, na majibu sahihi 58 yanampa mtu 160, ya Septemba ni nyepesi kidogo, na 160 inahitaji 61. Kazi hii huitwa usawazishaji. Wengi hudhani kwamba mtahiniwa hushindanishwa na wenzake wa siku ile, lakini sivyo. Jedwali la kubadilishia alama hutokana na ugumu wa maswali uliokwisha kupimwa. Ulinganisho na watu wengine huja baadaye, pale mtahiniwa anapoambiwa amewapita asilimia ngapi ya watahiniwa wa miaka 3 iliyotangulia.

Sehemu isiyohesabiwa

Ugumu huo unajulikanaje mapema? Hapo ndipo sehemu ya nne inapofanya kazi. Ina maswali yanayojaribiwa, na mtahiniwa hajui ni sehemu ipi, kwa hiyo hujibu zote kwa bidii ileile.

Mwanaisimu ataona hapa utafiti wa uwandani. Chukua sentensi yetu: "Wanafunzi wote hawakufaulu." Kwa mmoja, hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyefaulu. Kwa mwingine, walifaulu baadhi tu. Mtunzi mwenye maana moja kichwani anaweza kuisoma mara kumi asiuone utata. Wasomaji wengi wakijibu, utata unajitokeza: wale wanaofanya vizuri kwingineko wanagawanyika kati ya majibu mawili. Swali la namna hiyo hurekebishwa au hutupwa kabla halijamgharimu mtu nafasi ya chuo.

Maswali yanarudi wapi

Maswali ya LSAT hurudi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya wazi: mitihani iliyokwisha kutolewa huuzwa na baraza linaloendesha LSAT, yaani LSAC, iwe mazoezi. Ipo zaidi ya 50. Michache ni ya bure, mingine kwa malipo ya mwaka. Mafumbo ya kupanga yalipoondolewa mwaka 2024, hata mazoezi hayo yalipangwa upya, sehemu za hoja za mitihani mingine zikijaza pengo.

Njia ya pili ni ya siri. Mitihani mingi haitolewi: mtahiniwa hupewa alama bila kuona maswali tena, naye hufungwa na ahadi ya kutoyasimulia. Maswali hayo yanaweza kutumika tena siku nyingine. Swali lililopimwa ni mali, kwa kuwa ugumu wake unajulikana.

Hatari iko hapo hapo. Swali likivuja, aliyeliona hulijibu kwa kumbukumbu, lakini jedwali humpa thamani ya swali gumu. Asiyeliona hakupoteza jibu hata moja, ila anashuka katika ule ulinganisho na wengine. Agosti 2025 LSAC ilitangaza kusitisha mtihani wa mtandaoni katika China bara baada ya kikao cha Oktoba, kwa sababu ya wizi wa maswali uliopangwa.

Na sisi?

Katika vyuo vyetu pia maswali ya kale huzunguka, mara nyingi kwa ujamaa na urafiki. Mwenye kaka mkubwa katika kitivo anayo. Aliyetoka mbali peke yake hana. Mwalimu akirudia swali bila kujua nani analo, alama zake zinapima pia nani anamjua nani. Hatuna mitambo ya LSAC, lakini hatua moja haihitaji fedha nyingi: maswali ya miaka iliyopita yawekwe maktabani kwa wote, na yale yatakayorudiwa yasitoke mikononi mwa mwalimu. Swali linalojulikana na nusu ya darasa ndilo linaloumiza.