KUMVUSHA MBWA MKUBWA KWA MTUMBWI



Sisi wa Itaka tunakaa juu, kwenye kahawa na mahindi. Ziwa liko mbali na sisi. Lakini wengi tuna shughuli huko chini bondeni. Tunateremka kufuata samaki wa Ziwa Rukwa. Wengine wana ndugu huko, wengine wana ng'ombe. Na mwenye ng'ombe ana mbwa wa kulinda zizi. Siku nyingine safari inafika kwenye maji, na chombo kilichopo ni mtumbwi tu.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mwenye mtumbwi anasema, "Mzee, huyo mbwa atatuzamisha." Mwenye mbwa anajibu, "Hapana mwanangu, huyu mpole." Wote wawili wanasema kweli. Mbwa mpole naye anaweza kupindua mtumbwi kama watu hawajui namna ya kumpakia. Leo tujifunze namna hiyo.

KWA NINI MTUMBWI UNAPINDUKA?

Mbwa mkubwa ana uzito wa kilo 35 hivi. Huo ni karibu sawa na madebe mawili ya mahindi. Mtumbwi unabeba madebe mawili bila shida. Sasa tatizo ni nini?

Mahindi hayasogei, bali mbwa anasogea. Akiona ndege, anasimama. Akiogopa wimbi, anakimbilia upande mmoja. Tena akisimama, uzito wake unakuwa juu. Angalia baiskeli. Ukifunga gunia chini, baiskeli inatulia. Ukilifunga juu sana, inayumba hata njia ikiwa nzuri. Mtumbwi ni hivyo hivyo. Uzito ukiwa chini na katikati, mtumbwi unatulia.

Hatari kubwa iko wakati wa kupanda na kushuka. Watu wanainuka, wanasogea, kila mmoja ana haraka. Hata vyombo vikubwa vimepata ajali namna hiyo. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria kikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Nchi kavu ilikuwa inaonekana. Basi, tusiseme "tumefika" kabla hatujakanyaga ardhi.

KABLA YA SAFARI

1. Mfundishe mbwa nyumbani. Mfundishe neno moja tu: "Lala!" Akilala, mpe kipande cha ugali. Fanya hivyo kila siku mpaka azoee. Halafu mlaze juu ya ubao unaotikisika kidogo.

2. Usimlishe sana asubuhi ya safari. Mtumbwi unaweza kumtapisha.

3. Mwombe mwenye mtumbwi ruhusa mapema. Waulize na abiria wenzako. Wapo wanaoogopa mbwa. Wapo ambao dini yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa. Ni haki yao. Afadhali usubiri safari nyingine kuliko kugombana juu ya maji.

4. Tafuta gunia kuukuu, kamba ya mita mbili, kopo la kutolea maji, na dumu tupu la lita 20 lililofungwa vizuri. Ubao uliolowa unateleza. Ukitandika gunia, kucha za mbwa zinapata pa kushika. Dumu ni la kushikilia mkianguka majini. Kama jaketi la kuokolea maisha lipo, livae.

KUMPAKIA

Watu wapande kwa zamu. Mpiga kasia akae kwanza, nyuma. Mwenye mbwa akae wa pili, chini katikati, miguu yake ameitanua. Mtu wa tatu abaki nchi kavu, ashike ncha ya mbele kwa mikono miwili. Asiiache hata kidogo.

Sasa mwite mbwa kwa sauti ya upole. Apande kwa kupitia mbele, apite katikati, aje mpaka kwako. Asiruke kutoka ubavuni. Akiruka kutoka ubavuni, uzito wote unaangukia upande mmoja na maji yanaingia.

Akikataa, usimburute kwa kamba ya shingo wala kumvuta kwa miguu ya mbele. Atajitupa, tena anaweza kukuuma. Mbebeni watu wawili. Mmoja apitishe mikono chini ya kifua, mwingine chini ya mapaja. Mumuweke taratibu kwenye gunia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Hata bila sheria, mbwa aliyeteswa leo kesho hatakaribia mtumbwi.

Mwambie "Lala!" Mbane kidogo kwa magoti yako. Yule wa mbele apande mwisho, na aketi mara moja.

NJIANI

Shika kamba mkononi tu. Usiizungushe kwenye mkono wako, wala usiifunge kwenye mtumbwi. Mkipinduka, mbwa aliyefungwa atazama, na wewe atakuvuta.

Wengine wanasema, "Mwache aogelee nyuma yetu." Usikubali! Ziwa Rukwa lina mamba na viboko. Mamba hujificha maji ya pembeni, akingoja mnyama anayekunywa au kuogelea. Ukimburuta mbwa majini, unamwita mamba aje kwenye mtumbwi wako.

KUMSHUSHA

Hapa watu wengi wanakosea. Mbwa akiona nchi kavu, anaruka. Miguu yake ya nyuma inapousukuma mtumbwi, mtumbwi unarudi majini. Aliyekuwa amesimama anaanguka.

Fuata utaratibu huu. Mpiga kasia aingize ncha kwenye mchanga. Wa mbele ashuke, aishike kwa nguvu. Mwenye mbwa abaki amekaa, na mbwa abaki amelala. Mpe wa mbele ncha ya kamba. Hapo ndipo mwambie mbwa, "Nenda!" Akishuka yeye, ufuate wewe. Mpiga kasia awe wa mwisho.

MKIPINDUKA

Achia kamba. Mbwa anajua kuogelea mwenyewe. Mbwa mwenye hofu hutaka kumpanda mtu begani, basi mtumbwi uwe kati yako na yeye. Mtumbwi wa mti huelea hata ukijaa maji. Ushikilie, piga kelele, usiuache.

MBWA AKIUMA

Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya. Lakini chanjo ikitolewa mapema inaokoa. Mbwa wako naye achanjwe kila mwaka. Muulize ofisa mifugo wa kata.

SIKU YA KUTOKWENDA

Wakati wa masika Mto Momba na Mto Songwe inajaa. Tunasema Songwe huu unaomwaga maji Ziwa Rukwa, si ule wa mpakani na Malawi unaokwenda Ziwa Nyasa. Mto ukivuma na kubeba magogo, utaratibu wote huu haufai kitu. Zunguka mpaka darajani, au mwache mbwa kwa jirani. Vilevile upepo ukiwa mkali ziwani, ngoja. Safari iliyochelewa utaifanya kesho. Mtu aliyezama harudi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbwa apite mbele ya mtumbwi na siyo ubavuni?
2. Nani anashuka kwanza? Nani anashuka mwisho? Kwa nini?
3. Kwa nini kamba isizungushwe mkononi?
4. Mnyama gani mwingine mnamvusha kwa mtumbwi? Mbuzi? Ndama? Yapi katika haya yanamfaa naye?

Msomeeni na jirani asiyejua kusoma. Huenda naye anasafiri wiki hii.