Meko ya gesi ya nje: hatari iko kwenye maungio

KAMPALA. Anayenunua meko ya gesi ya kuotea moto nje hununua sura: beseni la chuma, mawe meusi, na moto usiotoa moshi. Mfanyabiashara anayeuvusha mzigo huo Busia, Malaba au Mutukula hana budi kutazama vitu ambavyo mteja wake havitazami, navyo ni kichomeo, mpira, regulata na mtungi. Mara nyingi kila kimoja kina asili yake. Kichomeo kimetoka China kupitia Mombasa, mpira umekatwa kwa mita dukani Nairobi, regulata imenunuliwa Kikuubo, na mtungi ni wa kituo cha mafuta kilicho jirani na mteja. Ni pale vinne hivi vinapounganishwa ndipo matatizo huanza.

Kuota moto kwenyewe si jambo geni Uganda. Waganda wana ekyoto, Waacholi wana wang'oo, mahali pa kuketi jioni, kusimulia na kufunza watoto. Langoni mwa Lubiri, kasri la Mengo, moto wa Gombolola huwashwa wakati wote wa utawala wa Kabaka na huzimwa anapofariki. Kilichobadilika ni cha kuchoma. Agizo la Rais namba 3 la Mei 2023 lilipiga marufuku biashara ya mkaa katika maeneo ya kaskazini yaliyokuwa yakiilisha Kampala, na wenye baa, nyumba za wageni na kumbi za sherehe wakazidi kuitazama gesi.

Jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kulipa ni aina ya gesi. Meko mengi ya kiwandani hutengenezwa kwa namna mbili, moja kwa gesi asilia ya bomba, nyingine kwa gesi ya mtungi. Kwa macho yanafanana kabisa. Tofauti iko kwenye tundu dogo la kupitishia gesi, ambalo kwa gesi asilia ni kubwa zaidi. Sehemu za Dar es Salaam zina gesi asilia ya Songo Songo. Kampala haina bomba la namna hiyo, hivyo meko ya gesi asilia yakifungwa kwenye mtungi hutoa moto mrefu, wa njano na wenye masizi. Kibandiko cha kiwandani husema ni gesi ipi. Kisipokuwepo, mzigo huo ni wa kuuacha hata ukiuzwa kwa nusu bei.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa ndipo wauzaji wengi huwaacha wateja gizani. Nguvu ya meko huandikwa kwa BTU. Meko ya BTU 50,000 hula kilo moja ya gesi na kidogo kwa saa yakifunguliwa kabisa. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unakwisha kwa saa tano na nusu hivi, na wa kilo 13 kwa saa kumi na mbili au pungufu. Mwenye baa anayewasha kila jioni kwa saa nne atahitaji mitungi mingi kwa mwezi. Ni afadhali alijue hilo kabla ya kununua kuliko arudi dukani akidai ameuziwa kitu kinachovuja.

Tena mtungi mdogo hauwezi kazi hiyo vizuri. Gesi iliyo ndani ni kimiminika, na ili igeuke hewa hunyonya joto la mtungi wenyewe. Ikitolewa kwa kasi, mtungi hupoa, hutoa jasho, pengine hata kuganda barafu nje, na moto unafifia ingawa gesi bado ipo. Kabale kwenye baridi hali huwa mbaya kuliko Kampala, hasa kama mchanganyiko una butani nyingi, kwa sababu butani huacha kugeuka hewa karibu na nyuzi sifuri. Ndipo utaona mtu ameulaza mtungi ubavu, anautikisa, au ameusogeza karibu na moto upate joto. Yote matatu ni hatari. Ukilazwa, hutoa kimiminika badala ya hewa, na moto unaofuata haudhibitiki. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi au meko madogo zaidi.

Regulata ndiyo kipande kinachochanganywa zaidi. Za nyumbani hutoa shinikizo dogo, milibari 28 hadi 30 hivi, na meko mengi ya kuotea moto yametengenezwa kwa kiwango hicho. Kuna pia regulata za shinikizo kubwa, zile za vichomeo vya hoteli na vya wakaanga chipsi. Fundi akikosa ya kwanza hufunga ya pili, moto unaruka juu, kila mtu anashangilia. Juu ya regulata pameandikwa namba mbili, shinikizo na kilo za gesi kwa saa. Zote mbili zilingane na karatasi ya meko. Kuhusu vali, midomo ya mitungi haifanani katika kanda nzima, hata kati ya kampuni na kampuni. Kwa sababu hiyo ni busara meko yavushwe bila regulata, nayo inunuliwe mji ule ule unakotoka mtungi. Kulazimisha kwa utepe au mpira wa baiskeli hakujawahi kuwa ufundi.

Kabla ya kuwasha, maungio yote hupakwa povu la sabuni huku mtungi umefunguliwa na meko yamefungwa. Povu likitoa mapovu yanayokua, pana tundu. Kiberiti si kipimo. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo inayovuja hutambaa chini na kujikusanya shimoni, mtaroni au kwenye chumba kilicho chini ya baraza. Ndiyo maana sanduku la kufichia mtungi lazima liwe na matundu upande wa chini, jambo ambalo mafundi wa Katwe na wa Kamukunji, hodari kama walivyo wa kuchomelea, husahau kwa kutaka sanduku lipendeze.

Meko yakae mita tatu au zaidi kutoka ukutani na kwenye paa la nyasi, na yasiwashwe ndani ya hema la sherehe hata mvua ikinyesha, maana hewa ya sumu haina harufu. Yachaguliwe yenye kifaa kinachokata gesi moto ukizimika, kwa kuwa upepo wa kilimani huzima. Yasipowaka mara ya kwanza, funga, ngoja dakika tano, kisha jaribu tena.

Mawe nayo yana mambo yake. Yale ya mtoni yana maji ndani na hupasuka yakipata moto, vipande vikaruka usoni mwa watu. Mawe ya volkano yanafaa, na ukanda wetu umejaliwa nayo, Kisoro, Musanze hadi Goma. Yakinyeshewa, moto uanze mdogo mpaka yakauke.

Kwa upande wa mpaka, meko yaliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanaweza kupitia utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ikiwa mzigo hauzidi dola 2,000 na bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja. Yaliyotoka China hayana haki hiyo hata yakiwa yamepakwa rangi Nairobi. Majiko na meko ya chuma huangukia kifungu 7321 cha ushuru, mitungi ya chuma 7311, kwa hiyo visiandikwe kama kitu kimoja. Alama ya UNBS, KEBS au TBS hupunguza maswali kaunta ya forodha.

Gesi yenyewe ni habari nyingine. Mtungi uliojaa haupandi basi, na kuujaza ni kazi ya wenye leseni. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye kituo ambacho mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekikatalia kibali zaidi ya mara moja. Watu zaidi ya 200 walijeruhiwa na wengine kufa.

Moto ukishika mpira au regulata, kinachofungwa kwanza ni vali ya mtungi, kama inafikika. Moto wa gesi inayovuja ukizimwa kwa maji huku vali iko wazi, gesi huendelea kutoka na kutafuta cheche nyingine. Vali isipofikika, watu waondolewe na zimamoto waitwe. Kwa Uganda ni 999 au 112, na namba hizo zinafaa kubandikwa kwenye kila meko yanayouzwa, pembeni ya kile kibandiko cha aina ya gesi.