Saa ya Baba, Mnada wa Mtandaoni na Jina Lililotokea kwenye Simu

Kiamaiko hakuna anayenunua mbuzi kwa picha. Malori yanashusha wanyama kutoka kaskazini, na mnunuzi anamfungua mbuzi mdomo akague meno, anambonyeza mgongo, anamtembeza hatua mbili tatu, ndipo bei inaanza kuzungumzwa. Mteja wetu mmoja anaifanya kazi hiyo miaka mingi. Kwa mbuzi hakuna wa kumdanganya. Kwa saa walimweza.

Alitusimulia akiomba tusimtaje jina. Baba yake alikuwa na Seiko 5, ile saa ya Kijapani isiyo na betri, inayojitia ufunguo yenyewe mkono ukitikisika. Seiko walianza kuiuza 1963. Ya baba yake iliuzwa mwaka yeye alipoingia kidato cha kwanza, karo ilikuwa imefika. Sasa ana kipato chake, akaamua kutafuta nyingine ya umri ule ule kwenye mnada wa eBay.

Alipitwa sekunde za mwisho. Kwa hasira akaandika kwenye kikundi cha wapenda saa mtandaoni jinsi alivyoikosa, na namba yake ya simu akaiacha hapo. Kesho yake ujumbe ukaingia WhatsApp: aliyeshinda hajalipa, wewe ndiye uliyefuata, saa ni yako. Ila tukwepe makato ya mtandao, mtumie ajenti wetu wa Nairobi Sh9,800.

Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la ajenti aliyetajiwa. "Nililiona," anasema, "nikajiambia labda anatumia laini ya bibi yake." Akaweka PIN.

Alitupigia baada ya saa mbili. Hapa tuseme ukweli, maana wengi hudhani tuna kitufe cha kurudisha kila kitu. Pesa ikiwa bado imelala kwenye akaunti ya mpokeaji, tunaweza kuizuia wakati malalamiko yanachunguzwa. Ikishatolewa kwa wakala, imeenda. Yake ilikuwa imetolewa ndani ya dakika kumi. Kilichobaki kilikuwa kuripoti polisi, na sisi kuifunga namba ile. Jina linalotokea kabla ya PIN halikuwekwa pale kama pambo. Likitofautiana na uliloambiwa, acha, hata kama mtu yuko kwenye simu anakuharakisha. Hasa akiwa anakuharakisha.

Kinachochanganya ni kwamba eBay wana utaratibu halali wa kumpa nafasi aliyefuata. Lakini ofa hiyo utaikuta ndani ya akaunti yako ya eBay na utailipia humo humo. Ikikufuata WhatsApp, si yenyewe.

Kulipia humo humo kuna faida: saa isipofika, au ikifika tofauti na maelezo, eBay wana dhamana ya kurudisha pesa. Tumia kadi pepe iliyo kwenye programu ya simu yako, uiwekee kiasi cha ununuzi ule tu, kisha uizime. Kuna tundu moja, lakini. Wauzaji wengi hawatumi Kenya, kwa hiyo watu hutumia anwani ya kampuni ya kusafirisha iliyoko Marekani au Uingereza. Mzigo ukishafikishwa kwenye anwani hiyo na kutumwa tena kwingine, dhamana haiufuati. Bora ukose saa tatu nzuri usubiri muuzaji anayetuma moja kwa moja hadi Nairobi.

Sasa dau. Huhitaji kukesha ukiangalia mnada. Unaandika kiwango chako cha juu kabisa, wenzako hawakioni, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo pale tu mtu anapokupita. Shida ni kwamba watu huandika kiwango cha saa peke yake. Tulikaa na mteja wetu tukaanzia mwisho. Mfukoni ana Sh15,000. Fundi wa kuifungua, kuisafisha na kuitia mafuta tukamwekea 2,500, kwa sababu saa ya miaka arobaini ambayo haijaguswa itakusumbua tu. Zikabaki 12,500. Bandarini au uwanja wa ndege kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Sisi tunashauri uweke kando nusu ya jumla ya bei ya saa na usafiri, ikizidi ni yako. Kwa hiyo gawanya 12,500 kwa 1.5: ni kama 8,330. Toa usafiri wa dola 25, ambao kwa Sh130 kwa dola ni 3,250. Zimebaki 5,080, yaani dola 39.

Alituangalia kama tumemwibia. Alikuwa amezoea kuweka dola 80.

Kuhusu saa yenyewe, hapo yeye ndiye aliyetufundisha. Nyuma ya Seiko za zamani kuna namba kama 7009-3130: tarakimu nne za kwanza ni mashine, nne zinazofuata ni kasha. Kuna namba nyingine ya mfululizo. Tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi. Ikianza na 76, ni Juni 1977 au Juni 1987. Ukingoni mwa uso wa saa, chini kabisa, kuna maandishi madogo ambayo nayo yanataja mashine. Yakikosekana, au yakitaja mashine nyingine, uso huo huenda umebadilishwa au kupakwa rangi upya, jambo la kawaida kwa saa za bei ya chini zinazotoka India. Anadai picha ya mashine ikiwa wazi, mfuniko umetolewa. Muuzaji akikataa, anasonga mbele. "Ni kama mtu anayekukataza kufungua mdomo wa mbuzi," anasema.

Jambo jingine kabla hatujasahau. Ukipokea ujumbe kwamba parseli yako imekwama JKIA na utume "pesa ya kuitoa" kwa namba ya mtu binafsi, usitume. Kodi ya KRA hulipwa kwa namba ya malipo, ile PRN, ambayo hutolewa kwa kila malipo.

Tulipomtafuta wiki iliyopita alikuwa ameshindwa mnada wa tatu, safari hii kwa dola mbili tu. Tukamuuliza kama aliongeza. Akasema alikuwa sokoni anapima mbuzi, hata hakujua mnada umeisha.