Choo Kigumu na Ufa Unaofichwa

Upo ugonjwa ambao watu wengi huugua bila kumwambia mtu yeyote, hata mke au mume. Hauletwi na uchafu wala na mwenendo mbaya, lakini kwa kuwa mahali pake ni pa siri, mgonjwa huona afadhali avumilie. Ugonjwa wenyewe ni ufa katika ngozi laini ya njia ya haja kubwa. Katika nchi ya chai, Kericho na Bomet, mambo mawili ya maisha ya kila siku huukaribisha: chakula cheupe kisicho na makapi, na kazi isiyompa mtu nafasi ya kwenda haja kwa wakati wake.

Anapokwenda haja, mgonjwa husikia maumivu makali kama anayekatwa kwa wembe, na maumivu hayo huweza kudumu saa kadhaa baada ya kumaliza. Huenda akaona damu nyekundu kidogo juu ya choo au kwenye karatasi. Watu wengi huita kila kitu cha namna hii bawasiri, na hapo ndipo makosa yanapoanza. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, nayo mara nyingi hutoa damu bila uchungu mkali. Ufa ni ngozi iliyochanika, na kwa kawaida huwa upande wa nyuma.

Kinachoichana ngozi hiyo mara nyingi ni choo kigumu kinachosukumwa kwa nguvu. Kuhara kwa siku nyingi huweza kuleta ufa pia, na wanawake wengine huupata baada ya kujifungua. Jeraha dogo la kiasi hicho, kama lingekuwa mkononi, lingepona kwa siku chache. Hapa halipewi raha. Chini ya ngozi hiyo upo msuli wa duara unaoifunga njia, nao hautii amri ya mwenyewe. Ukichokozwa na maumivu hujikaza. Ukijikaza, damu hupita kwa shida. Na jeraha lisilopata damu ya kutosha haliponi. Tena mgonjwa, kwa kuuogopa uchungu, huahirisha kwenda haja leo, na kesho pia. Choo kikikaa ndani, utumbo huendelea kukinyonya maji, nacho huzidi kuwa kigumu. Kinapotoka siku ya tatu hulichana jeraha upya.

Mchumaji wa chai huingia shambani asubuhi na mapema, tumboni mwake mna kikombe cha chai na kipande cha mkate mweupe, au hamna kitu. Kericho iko juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa ajili ya baridi hiyo kiu haimsumbui, na mchana huweza kupita hajanywa maji. Haja ikimjia, choo kiko mbali na kikapu hakijajaa, basi huizuia. Karani wa ofisini hana mzigo mgongoni, lakini hali yake si bora sana: huketi kitini kutwa nzima, na chakula chake cha mchana ni mandazi. Jioni wote wawili hula chakula kimoja, ugali wa unga mweupe wa pakiti na mboga kidogo pembeni.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Kabla ya mashamba makubwa ya chai kufunguliwa Kericho katika miaka ya 1920, nafaka kuu ya Wakipsigis ilikuwa wimbi, lililosagwa juu ya jiwe pamoja na ganda lake. Baadaye mahindi yakaenea, na posho ya unga wa mahindi ikawa chakula cha mfanyakazi. Mahindi yenyewe hayana kosa, yakisagwa mazima. Kosa ni kuyakoboa, kwani mashine huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, yaani makapi ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha. Wako wanaodhani kwamba kitu kisichoyeyuka tumboni hakina faida. Lakini ni makapi hayo yanayoshika maji ndani ya utumbo na kukifanya choo kiwe kingi na laini, kikapita bila kusukumwa.

Habari hiyo ilichunguzwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Dr. Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na baadaye akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kitabu mwaka 1960 juu ya magonjwa yaliyokuwa mengi Ulaya na machache kwa Waafrika wa mashambani. Mwenzake wa Mulago, mpasuaji Denis Burkitt, aliifuata njia hiyo, na mwaka 1972, pamoja na wenzake wawili, akatoa hesabu zake. Kwa wanavijiji wa Uganda, chakula kilisafiri tangu kinywani mpaka chooni kwa saa 36 hivi, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu 470. Kwa wanamaji wa Kiingereza na wake zao, waliokula vyakula vilivyokobolewa, safari hiyo ilichukua saa 83, na uzito ulikuwa gramu 104 tu. Si kila alilolisema Burkitt lililokubaliwa na wataalamu waliomfuata, maana alitaka makapi yaeleze magonjwa mengi mno. Lakini kwamba makapi hulainisha choo, hilo halina ubishi.

Mtu mzima ahitaji gramu 25 mpaka 30 za nyuzinyuzi kila siku. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa humpa gramu 11 au zaidi, na nusu ya parachichi la kiasi humpa 5 hivi. Kipande cha mkate mweupe hakifikishi hata gramu 1. Nyama, mayai, maziwa na chai hazina nyuzinyuzi kabisa. Mursik nayo, pamoja na heshima yake yote katika nyumba ya Mkipsigis, haina. Inywewe kwa utamu wake na kwa nguvu yake, lakini isitegemewe kwa kazi hii.

Basi mgonjwa hana haja ya kutafuta chakula cha kigeni. Mahindi yake na yapelekwe kwenye posho mill yasagwe bila kukobolewa, na unga uchanganywe na wa wimbi. Asubuhi anywe uji wa wimbi badala ya kula mkate. Mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja humfaa kuliko ugali mweupe na nyama. Mboga za kienyeji zisiwe za kusindikiza ugali tu, bali zijae sahani: mgagani, ambao wengi huko huuita sageti, mnavu, kunde, na majani ya maboga. Viazi vitamu vichemshwe na maganda yake. Mapapai, ndizi na maparachichi, ambayo watu wengi huyauza yote sokoni wasibakize hata moja kwa watoto wao, yaliwe nyumbani kwanza. Pilipili na iachwe mpaka jeraha lipone, maana huongeza uchungu.

Lakini asiongeze vyote kwa siku moja. Tumbo lililozoea unga mweupe likijazwa maharagwe ghafula hujaa hewa, na mtu huacha dawa kwa sababu ya kero. Aongeze kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu, na kila anapoongeza makapi aongeze na maji. Makapi bila maji huweza kufunga choo badala ya kukifungua. Lita mbili hivi kwa siku zatosha mtu mzima, na mchumaji afadhali achukue chupa yake shambani, hata siku ya baridi. Chai nayo ni maji. Haina sababu ya kulaumiwa.

Dawa ya pili ni beseni la maji ya vuguvugu. Mgonjwa hulikalia kwa dakika 10 au 15, mara mbili au tatu kwa siku, hasa baada ya kwenda haja. Maji hayo hayahitaji chumvi wala dawa ya kuua wadudu. Kazi yake ni kuulegeza ule msuli. Mwaka 1986 daktari mmoja wa Denmark, Jensen, alieleza majaribio yake kwa wagonjwa 103 walioupata ufa kwa mara ya kwanza. Katika waliotumia maji ya vuguvugu na pumba za ngano, 87 kati ya kila 100 walikuwa wamepona baada ya majuma matatu. Katika waliopakwa marhamu ya kufisha ganzi, 60 tu.

Chumvi ya haluli na dawa kali za kuharisha hazifai. Humwendesha mtu siku moja, zikamwunguza palipochanika, kisha choo hufunga tena. Watoto waangaliwe zaidi. Mtoto anayebana miguu na kulia wakati wa haja si mkaidi, na kumchapa humfundisha kuzuia tu.

Ufa usiopona kwa majuma sita hadi manane ni kazi ya hospitali, na Kericho, Kapkatet, Litein, Longisa na Tenwek hakuna upungufu wa waganga waliokwisha kuona mamia ya namna hiyo. Zipo marhamu za kuulegeza msuli, na zikishindwa upo upasuaji mdogo ambao Stephen Eisenhammer wa Johannesburg aliuandikia mwaka 1951. Asingoje majuma hayo mtu anayetokwa na damu nyingi au nyeusi, anayekonda bila sababu, mwenye homa au uvimbe wenye usaha, au mwenye umri mkubwa ambaye haja yake imebadilika ghafula. Damu ya saratani ya utumbo nayo ni nyekundu mara nyingi, na mtu aliyejiambia kwamba ni bawasiri tu huenda akafika hospitali kwa kuchelewa.

Aliyepona asirudie unga mweupe. Mwaka 1987 Jensen huyo huyo alitoa habari za watu 75 waliokwisha kupona, aliowafuata kwa mwaka mmoja. Katika waliokula gramu 15 za pumba kila siku, ugonjwa uliwarudia 16 kati ya kila 100. Katika waliokula nusu ya kiasi hicho, 60. Na katika wasiokula, 68. Pumba zilizotumika ni za ngano, safi, za kuliwa na watu. Zile zinazouzwa kwa magunia kwa ajili ya ng'ombe na kuku hazikutayarishwa kwa ajili ya watu, tena huweza kuwa na ukungu wenye sumu. Asiyepata pumba safi ale nafaka yenyewe nzima.