Mtoto Anayejikuna Usiku

Ukurutu, ambao wengi wetu twauita pumu ya ngozi, si ugonjwa wa uchafu, wala hauambukizi. Twaanza na maneno haya kwa kuwa si ajabu, iwe Kyela mjini, Ipinda au Matema, mtoto mwenye mabaka akatengewa mkeka wake chuoni, na mama yake akanong'onewa kwamba hamwogeshi. Hiyo ni dhuluma, japo waitendao hawajui.

Ngozi ya mtoto huyu imezaliwa dhaifu: haishiki maji yake, nayo hupitisha viwashavyo. Mara nyingi katika ukoo yumo mwenye pumu ya kifua. Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni. Akikua, huhamia mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje kuona wekundu unaotajwa vitabuni. Tazama kama pamekuwa peusi zaidi au pa kijivu, pakavu, penye vipele vidogo. Lakini ikiwa nyumba nzima yajikuna usiku, hasa baina ya vidole, huenda huo ni upele, nao huambukiza. Hapo watu wote wa nyumbani hutibiwa pamoja.

Kazi kubwa ni ya mafuta. Mwogeshe kwa maji vuguvugu, muda mfupi, na sabuni kidogo isiyo na manukato. Mkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue, na kabla unyevu haujaisha mpake mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu, mara mbili kwa siku au zaidi, hata siku asizowashwa. Hapa ndipo wengi hukosea: ngozi ikitulia, kopo hufungwa. Tena joto la bonde la Kyela huleta jasho, na jasho huwasha. Basi avishwe nguo nyepesi za pamba. Mtoto aliyekwisha anza kusali apakwe tena baada ya udhu, na maji yakimdhuru kweli, sheria imeruhusu tayamamu.

Krimu ya steroidi atoayo daktari hupakwa penye ugonjwa tu, kwa siku alizoagiza. Kiasi kinachofunika pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima chatosha eneo la viganja vyake viwili. Wako waiogopao kabisa, mtoto akakesha akijikuna. Wako pia wanunuao dukani krimu za kung'arisha, ambazo baadhi zina dawa hiyo hiyo tena kali, wakampaka usoni miezi mingi hata ngozi ikawa nyembamba. Wote wamekosea.

Wala usimnyime usipa au mayai kwa kubahatisha; mtoto akua kwa vyakula hivyo, na zuio kama hilo lataka ushauri wa daktari. Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu wa fani hii. Uliza hospitalini kama yupo mmoja wao karibu nawe.

Yakitoka usaha, au malengelenge mengi pamoja na homa, mpeleke siku hiyo hiyo, hata kama mvua yanyesha.