Lenzi na Kuta za Songo Mnara: Jinsi Picha Inavyoweza Kuwa Kipimo

Mto Lukuledi huteremka kutoka sehemu za Masasi, ukapita kati ya uwanda wa juu wa Makonde na ule wa Rondo, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi hapo Lindi. Msafiri akiifuata pwani kutoka Lindi kuelekea kaskazini hufika kwenye visiwa vya Kilwa. Katika kimojawapo, Songo Mnara, yamo magofu ya mji wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliokaliwa na watu tangu karne ya 14 hadi ya 16. Ndani ya kuta zilizouzunguka mji huo kuna mabaki ya misikiti 5, jumba la kifalme na nyumba zipatazo 33. Magofu hayo, pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Tangu 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini, kwa sababu mawimbi na maji ya mvua yalikuwa yakiyala na kuyabomoa.

Kwa wanaoyatunza magofu, swali kubwa ni moja: je, ukuta huu umesogea? Njia nyepesi ya kulijibu ni kupiga picha leo, na kupiga nyingine baada ya miaka 10, kisha kuzilinganisha. Lakini hapo huzuka swali la pili, gumu kuliko la kwanza: tofauti ionekanayo imeletwa na ukuta, au imeletwa na lenzi? Makala hii inaeleza jinsi lenzi inavyouchora ukuta, mahali inapokosea, na namna ya kulitambua kosa hilo.

Kamera na pembetatu

Miale itokayo juu ya ukuta na ile itokayo chini hukutana katika lenzi, kisha hutawanyika tena hadi kwenye filamu, au kwenye kihisi cha kamera za siku hizi. Hivyo hufanyika pembetatu mbili zinazofanana, moja mbele ya lenzi na moja nyuma yake. Ikiwa ukuta uko mbali, nafasi kati ya lenzi na filamu ni karibu sawa na urefu wa fokasi. Kwa hiyo:

urefu wa taswira = urefu wa fokasi × urefu wa ukuta ÷ umbali wa ukuta.

Kwa mfano, ukuta wenye kimo cha mita 4, ulio umbali wa mita 20, ukipigwa kwa lenzi ya milimita 50, hutoa taswira ya milimita 10. Skeli yake ni 1:400, kama ya ramani. Filamu ya kawaida yenye upana wa milimita 36 itachukua mita 14.4 za ukuta huo. Lenzi ya milimita 24 ingechukua mita 30, na ya milimita 100 ingechukua mita 7.2 tu.

Wengi hudhani kwamba lenzi fupi huvuta vitu vya karibu na kusukuma mbali vya nyuma. Sivyo. Uhusiano wa kilicho mbele na kilicho nyuma huamuliwa na mahali aliposimama mpiga picha. Lenzi hukata tu kipande kikubwa au kidogo cha mandhari ileile. Kanuni hizo za mtazamo ziliandikwa nchini Italia na Leon Battista Alberti mwaka 1435, wakati Songo Mnara ungali mji wenye watu. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha picha za miaka mbalimbali hana budi kwanza kuweka alama ardhini, ili kila picha ipigwe kutoka mahali palepale.

Kamera iliyoinuliwa

Kosa la kwanza si la lenzi bali la mkono. Mpiga picha anapoinua kamera ili kupata ncha ya ukuta mrefu, filamu huacha kuwa sambamba na ukuta. Sehemu ya juu huchorwa kwa skeli ndogo kuliko ya chini, na mistari iliyo wima huinamiana kuelekea juu. Ukuta uliosimama barabara huonekana kana kwamba unaanguka.

Dawa yake yajulikana na kila fundi mwashi: pimamaji na timazi. Pimamaji huwekwa juu ya kamera iliyofungwa kwenye kitegemeo cha miguu mitatu. Timazi huning'inizwa mbele ya ukuta, iingie pichani. Hata kamera ikiwa imeinama kidogo, kamba ya timazi itapotoka pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Kwa hiyo tofauti kati ya kamba na ukingo wa ukuta ndiyo inayoonyesha mwinamo wa kweli wa kwenda upande. Ikiwa ukuta ni mrefu mno, mpiga picha husogea nyuma, au hutumia lenzi ya pekee inayoweza kusogezwa juu huku kamera imetulia wima.

Makosa ya lenzi yenyewe

Kamera ikiwa imenyooka, yabaki makosa ya kioo. Lililo zito kwa mpimaji ni upotoshaji wa umbo. Lenzi nyingi, hasa fupi na zile zinazobadilisha urefu wa fokasi, huipinda mistari iliyo karibu na kingo za picha: mara hutokeza nje kama mbavu za pipa, mara huingia ndani. Chukulia lenzi yenye kosa la asilimia 2 kwenye ukingo, yaani milimita 18 kutoka katikati ya filamu. Kosa hilo ni milimita 0.36, ambalo jicho halilijali. Lakini kwa skeli ya 1:400, milimita 0.36 ni sentimita 14 za ukuta. Mtu anaweza kutangaza kwamba ukuta umesogea sentimita 14, kumbe amebadilisha lenzi tu.

Kosa la pili ni la mwako. Kila uso wa kioo kisichopakwa dawa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga. Lenzi ya aina ya Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph katika kiwanda cha Zeiss mwaka 1902, ina nyuso 6 zinazokutana na hewa. Bila dawa hupoteza zaidi ya asilimia 20, na sehemu ya mwanga huo huzagaa ndani na kufifiza vivuli. Penye chokaa nyeupe na jua la pwani, nyufa hupotea. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kiwanda hichohicho, alivumbua utando mwembamba wa kupunguza mwako huo, na leo lenzi nzuri hupakwa tabaka kadhaa.

Kosa la tatu halina dawa, kwa kuwa ni tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga upitao katika tundu dogo hutawanyika, na nukta huwa doa. Lenzi ikifungwa hadi namba 8, doa huwa na upana wa milimita 0.011, kwa namba 22 huwa milimita 0.03. Kwa skeli ya 1:400, hizo ni takriban milimita 4 na milimita 12 za ukuta. Kwa hiyo anayetafuta ufa mwembamba asilifunge tundu kupita kiasi.

Ubora wa lenzi, basi, si bei wala jina lake. Lenzi bora kwa kazi hii ni ile inayonyoosha mistari, isiyobadilika, na ambayo makosa yake yamekwisha kupimwa. Kosa linalojulikana huweza kuondolewa kwa hesabu.

Kutoka Wetzlar hadi Kilwa

Mwaka 1858 kijana Mjerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar, akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Ndipo alipowaza: kwa nini vipimo visichukuliwe kwenye picha? Mwaka 1885 iliundwa taasisi katika Berlin ili kuifanya kazi hiyo chini ya uongozi wake. Katika mji huohuo wa Wetzlar, kiwanda cha Leitz kilianza kuuza kamera ndogo ya Leica mwaka 1925.

Kwenye pwani yetu, Peter Garlake alichapisha mwaka 1966 michoro ya majengo ya kale ya Kiislamu, ambayo hadi leo hutumika kama kumbukumbu. Baadaye mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima majengo ya Kilwa na Songo Mnara kwa leza na kwa picha. Siku hizi kompyuta huweza kuunganisha picha nyingi za jengo moja, zilizopigwa kutoka pande mbalimbali, zikawa umbo kamili. Hata hivyo kanuni ni ileile ya pembetatu.

Zoezi la shuleni

Shule ya Masasi, Newala au Lukuledi haihitaji kwenda Kilwa ili kuyathibitisha haya. Ukuta mrefu wa darasa na kamera yoyote, hata ya simu, vyatosha.

1. Wanafunzi wakate fimbo tatu za mita 1 kamili na kuzisimamisha ukutani: moja katikati, na moja karibu na kila ukingo wa picha.
2. Kamera iwekwe juu ya meza, mkabala na fimbo ya katikati, sambamba na ukuta, na ihakikishwe kwa pimamaji.
3. Picha ikisha kuchapishwa, kila fimbo ipimwe kwa rula.
4. Ikiwa fimbo ya upande mmoja ni ndefu na ya upande wa pili ni fupi, kamera haikuwa sambamba na ukuta.
5. Ikiwa fimbo zote mbili za kingoni ni fupi, au ndefu, kwa kiasi kimoja kuliko ya katikati, kosa ni la lenzi.

Simu nyingi huyarekebisha makosa ya lenzi zenyewe bila kumwarifu mtumiaji. Kwa hiyo fimbo zikitoka sawa, isidhaniwe kwamba kioo hakina kosa. Darasa liandike tarehe, umbali, lenzi na mahali kamera ilipowekwa, kisha liirudie picha hiyo mwaka utakaofuata. Bila maandishi hayo, picha ya ukuta wa Songo Mnara iliyopigwa kwa lenzi ghali kuliko zote haitaweza kumwambia mtu wa miaka 50 ijayo kama bahari imeusogeza ukuta huo au la.