Saa ya Mazoezi Haiibi Saa ya Vitabu



Imekuwa desturi katika shule nyingi kwamba mtihani ukaribiapo, kipindi kinachokatwa kwanza ni kile cha mazoezi ya viungo. Husemwa kwamba mpira haumpatii mtu cheti. Nami nataka kueleza kwa nini naona hesabu hiyo ina kasoro.

Tuutazame ubongo wenyewe. Uzito wake ni kama sehemu 2 tu katika 100 za mwili wa mtu mzima, lakini mwili ukiwa umetulia ubongo hutumia kama sehemu 20 katika 100 za nguvu zake zote. Chakula chake na oksijeni huletwa na damu. Mtu akimbiapo, moyo hupiga kwa kasi na damu huenda mbio. Tena mwili hutengeneza kemikali zinazosaidia chembe za ubongo kukua na kuungana, hasa katika sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo hutusaidia kuweka mambo mapya tunayojifunza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walieleza habari za watoto 20 wa miaka 9 na 10. Siku moja watoto hao walikaa kitako dakika 20. Siku nyingine walitembea dakika 20 juu ya mashine. Baada ya kutembea, waliweza zaidi kukaza fikira, na waliyafahamu vizuri zaidi waliyoyasoma. Huko Trois-Rivières, Kanada, katika miaka ya 1970, wanafunzi wa shule za msingi walipewa saa moja ya mazoezi kila siku, na muda wa masomo mengine ukapunguzwa. Hata hivyo hawakuachwa nyuma na wenzao.

Zaidi ya damu, mchezo wenyewe ni darasa. Mchezaji wa netiboli hana budi kukumbuka kanuni, kumtazama mwenzake, kujizuia asikanyage pasipo ruhusa, na kugeuza shauri lake mara mpira ugeukapo. Ndiyo kazi ile ile ya akili tuifanyayo mbele ya swali gumu.

Lakini tusidanganyane. Azungukaye uwanja kutwa asifungue kitabu, atashindwa tu. Wala faida hii si ya timu ya shule peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, awe mwepesi au mzito, mvulana au msichana.

Hapa Uganda, mtaala mpya wa mwaka 2020 uliyafanya mazoezi ya viungo kuwa somo la lazima kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili, pamoja na Kiswahili chetu hiki. Basi mbona watahiniwa, ambao akili zao zachoka kuliko za wote, wanyimwe? Kamba ya kuruka na uwanja wa nyasi vyatosha.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio leo wazazi na wajumbe wa halmashauri za shule, ratiba ya watahiniwa iletwapo mbele yenu, tafadhalini ulizeni: kipindi cha mazoezi kiko wapi?